Duka Lililolala kwa Raoul

Kila asubuhi kwa miaka minne, kabla sijatia sukari kwenye chai, simu yangu ililia na nikasikia ujumbe wa sauti wa Raoul: "Yaya, duka imelamuka." Hivyo tu. Dada, duka limeamka. Wakati mwingine jogoo aliwika nyuma yake, wakati mwingine mtoto alilia, na wakati wa mvua alikuwa na mafua akasemea puani. Nilimsikiliza nusu nusu, nikamjibu kwa kidole gumba, nikaendelea na chai yangu.

Raoul Kasereka alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo. Wenye kupenda kugawanya watu watasema huyo ni binamu. Kwetu sisi watu wa Butembo huyo ni mdogo wangu, yamekwisha. Nilimwogesha kwa mikono hii. Akiwa na miaka minane alifungua redio ya baba yangu, akairudisha pamoja, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani, lakini skurubu moja ikabaki mfukoni mwake. Alipigwa kwa sababu ya ile skurubu. Hakulia. Alikuwa akiiangalia redio tu, anajiuliza skurubu ilikuwa ya nini.

Alisomea kompyuta Goma, akaoa Goma, akabaki Goma. Alikuwa na vyumba viwili ghorofani, betri zimepangwa ukutani, mabamba ya sola juu ya bati, na mashine moja isiyo na kioo ambayo haikulala usiku wala mchana. Ndiyo seva. Ndani yake ziliishi saiti za watu: ya shule moja, za famasi mbili, ya parokia. Na ya kwangu.

Mimi ni Dorcelle Masika. Niliolewa nikaletwa Lubumbashi, na mume wangu Godefroid ana malori, kwa hiyo yuko njiani siku zote na nyumba naishika mimi. Nauza nyavu za kuvulia kwa jumla. Watu hucheka, mwanamke wa milimani anauza nyavu, wewe samaki umewaona wapi? Wacheke. Toka Kasenga mpaka Pweto, mvuvi asiyejua jina langu huyo anavua kwa mikono. Zamani wanunuzi walikuja kwa lori, siku mbili barabarani, wakakaa juu ya marobota yangu wakivuta nyuzi na kuhesabu macho ya wavu na kubishana mpaka nikawapa chakula. Kisha kila mtu akapata simu ya kuonyesha picha, na mimi nikaona sasa duka lifunguliwe mtandaoni, mvuvi achague macho ya wavu wake akiwa amekaa kwake.

Aliyenitengenezea duka hilo ni Clément Kalaba, mwalimu wa kompyuta, mtu wa hapa hapa, babu yake alipiga nyundo kwenye reli. Mtu mpole, anavaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Oktoba. Alipomaliza picha na bei alikuja kwenye depo, akakaa juu ya robota, akasema duka limekwisha lakini halina pa kulala.

"Mama Dorcelle, site iko sawa na muntu, lazima ikuwe na nyumba. Uko na njia mbili. Kuko makampuni ya inje, unalipa kwa mwaka, mashini yabo haizime. Ao unapangisha hapa kwetu Congo, karibu, unajua muntu. Lakini kila mwenye utaenda kwake, umuulize bintu bitatu. Courant ya umeme ikikatika, nani anawasha? Kopi ya duka yako iko wapi? Na siku unataka kuhama, atakuacha ubebe bintu byako?"

Maswali mazuri. Nilimwambia hivyo. Jioni ile ile Raoul akapiga simu, sijui nani alimwambia, akasema, "Yaya, duka ilale kwangu." Na mimi nikasema sawa, hapo hapo, kama mtu anayepokea kikombe cha maji.

Msidhani ni bei. Bei ya makampuni ya nje ningeilipa na nisiisikie. Ni kwamba ndugu yangu alikuwa na mashine, na mimi ningeenda kulaza duka langu kwa Wazungu? Ningewaambia nini wajomba? Tena nilikuwa na majivuno kidogo. Nilipenda kusema kanisani kwamba duka langu liko kwa mdogo wangu.

Clément alivuta pumzi, akakubali, akaomba kitu kimoja tu: Raoul awe anatuma kopi kila Jumapili, tuihifadhi Lubumbashi. Nikamkatia maneno.

"Clément, kwetu ndugu haombwe kopi."

Na ni kweli, haombwi. Baba yangu alileta mali toka ng'ambo kwenye kontena moja na wafanyabiashara wengine watano, na hapakuwa na hata kipande cha karatasi kati yao. Mgeni msainishe mara kumi. Ndugu, ukimwomba karatasi, umemwambia usoni kwamba unamwona mwizi. Kwa neno hilo watu wetu wamejenga maghala na kununua malori, na mimi nililishika kwa mikono miwili. Kopi niliiona kama karatasi. Sikuona kwamba kopi haimlindi mtu dhidi ya mwizi peke yake.

Basi duka likalala kwa Raoul, na kusema haki, lilitunzwa. Watu wa Kasenga walipolalamika kuwa picha hazifunguki, alizipunguza uzito usiku ule ule bila mimi kuomba. Umeme ulipokatika Goma, betri zilishika. Miaka minne, duka imelamuka, duka imelamuka.

Desemba ya 2024 alinipigia simu yenyewe, saa isiyokuwa yake. Aliuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, mpaka nikajua kuna neno. Mwishowe akasema, "Yaya, huku hali haiko muzuri. Vita inakaribia. Nawaza juu ya duka yako, labda ungefikiri..."

"Unanifukuza mu nyumba?" nikamwuliza. Nilikuwa natania. Nusu.

Akacheka. "Apana, yaya. Nani anaweza kukufukuza?"

Hakurudia tena. Ulimi wangu ni mkali, na wadogo zangu wote wanajua kuuzunguka.

Sasa ni lazima mjue jambo moja la biashara yangu. Kwenye ziwa Mweru na mto Luapula uvuvi unafungwa Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wazae. Kwa hiyo Januari ndiyo mwezi wangu. Wavuvi wako nyumbani, wanashona, wanaagiza nyavu mpya za kufungulia msimu. Januari ile oda zilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote, na zote, jina la mtu, urefu, macho ya wavu, ziliingia dukani, yaani kwa Raoul.

Ijumaa moja mwishoni mwa mwezi huo sikupata sauti yake asubuhi. Jumamosi pia. Nikafungua duka kwenye simu: halipo. Kwenye simu za watu wote video za Goma zilikuwa zikipita, watu wamebeba magodoro kichwani, moshi, milio. Mji hauna umeme, hauna maji. Niliona yote hayo. Siwezi kusema sikujua.

Jumatatu saa nne asubuhi akanipigia Chola wa Pweto, mnunuzi wangu mkubwa, mtu wa kupiga kelele hata akiomba chumvi. Oda yake iko wapi? Duka linaonyesha weupe! Kama nimefilisika niseme, anunue Zambia! Alinikatia simu. Damu ikanipanda. Nikashika simu, nikabonyeza jina la Raoul, nikasema.

Sekunde ishirini na mbili. Nazikumbuka zote. "Mudogo yangu, site iko chini tangu siku tatu. Oda zote za musimu ziko mu mashini yako, hatuna kopi hata moja. Bateja banakimbia. Usiniache hivi, mudogo yangu. Fanya yote unaweza."

Sikuuliza mko wapi. Sikuuliza mko wazima. Sikutaja jina la Jemima mke wake, wala la Chadrack mwanawe, wala la Léa binti yake aliyekuwa na miaka minne.

Haikupita dakika moja akajibu. Nyuma yake palikuwa na kelele ya watu wengi mno, na alikuwa akihema. "Ndiyo, yaya. Naenda kuitosha. Usisumbuke." Kuitosha, kwetu ni kuitoa.

Na mimi, nawaambia ukweli kwa sababu nimechoka kuuzunguka, nilifurahi. Nilisikia roho imetulia. Nilimimina chai nikanywa.

Alhamisi ndipo simu ikaja toka kwa mtu wa Butembo aliyesikia toka kwa mtu wa Goma. Raoul alikuwa amefika mpakani na mke wake na watoto, wako kwenye foleni ya kuvuka kwenda Rwanda, zamu yao imekaribia. Akamwachia Jemima mfuko, akasema tangulieni, nawakuta upande ule. Akarudi mjini. Mlinzi wa jengo alimkuta chini ya ngazi za ofisi yake, risasi imepita shingoni. Nani aliipiga, hakuna anayejua. Alikuwa akishuka, hakuwa akipanda.

Tulikaa kilio bila maiti, mikeka sebuleni, watu wa Kivu na majirani wa hapa wamechanganyika. Niligaagaa chini kama mtu anavyopaswa kumlilia mdogo wake. Wakanishika mikono. Wakanimwagia maji. Hakuna aliyejua ninalilia nini.

Februari nilifanya jambo ambalo lingenichukua siku tatu Januari: nilichukua daftari nikawapigia wanunuzi mmoja mmoja. Kila mmoja alikumbuka oda yake. Chola alinisomea yake yote kichwani, urefu, macho, idadi ya maboya, bila kusita. Mvuvi hasahau wavu wake. Siku ya tatu jioni orodha ilikuwa kamili kwenye daftari la shule la kurasa arobaini na nane. Nililifunga, nikaliweka mahali nisipoliona.

Machi tukapata habari kwamba Jemima na watoto wanakuja kwangu, kwa njia ya Kigali na Tanzania na Zambia. Ni haki yao, wangeenda wapi? Jioni ile nilichukua simu na kufungua jina la Raoul. Ile sauti yangu ya sekunde ishirini na mbili ilikuwa pale, na jibu lake chini yake. Niliwaza: Chadrack atacheza na simu hii. Jemima ataniomba simu apige. Sikutaka kuchagua moja moja, nikashika yote, tangu mwanzo. Simu iliniuliza kama nina hakika ya kufuta. Nikasema ndiyo.

Walifika wamekonda. Njiani Jemima alinyang'anywa simu yake na mkoba, alibaki na watoto na sweta tatu. Watu wakaja tena kumpa pole, na mjomba mmoja mwenye sauti ya kanisani akamwuliza mbele ya wote: "Mama, na Raoul alirudi kutafuta nini?"

Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe. Jemima hakuniangalia.

"Alirudi kutosha kintu," akasema. "Sijui."

Nikaweka sinia chini. Mungu amenisitiri, niliwaza. Fikirieni mtu anayemshukuru Mungu kwa jambo kama hilo.

Mwenye hatia hupika nyama nyingi. Nilimnunulia Chadrack viatu jozi tatu, Léa magauni ambayo hata Krismasi hayavaliwi. Jemima aliamka kabla yangu akaosha vyombo, nikamkataza, akaendelea. Hakuwa na kinyongo, hakuwa na ukarimu wa kupita kiasi, alikuwa tu akiniangalia mara moja moja, kama mtu anayesubiri basi. Kanisani wakinipa mkono walisema, "Mama Dorcelle, uko na roho muzuri." Kila mara nilitaka kuwapiga kofi.

Aprili, Bwalya, dereva wa mume wangu, aliingia uani mchana akiwa na kitu kimezungushiwa mfuko wa plastiki na gazeti. Alikipokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa dereva wa Tanzania, aliyekipokea kwa Mganda, aliyepewa na mtu wa Butembo, aliyepewa na mlinzi wa lile jengo la Goma. Hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na saini. Neno tu lilipita toka mdomo hadi mdomo nchi nne: ni ya Dorcelle wa nyavu. Ilikuwa diski ya seva ya Raoul. Mlinzi aliikuta ndani ya koti lake, upande wa moyo.

Watu wetu hawaibi cha ndugu. Nilikuwa nimesema kweli, na ile kweli ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Clément aliifungua pale depo. Kila kitu kilikuwemo, picha, bei, oda zote za Januari, hata ya Chola, ambayo nyavu zake zilikwisha kuvua samaki. Akaiweka diski mezani kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa upole lile swali la zamani: "Sasa, Mama Dorcelle, duka ilale wapi?"

"Inje," nikasema. "Kwenye kampuni isiyonijua. Na kopi kila Jumapili."

"Niandike jina ya nani? Mwenye duka?"

Nilikuwa nimeshalifikiria. "Andika Jemima."

Alinyanyua macho. Akasema tumwulize kwanza Jemima mwenyewe, karatasi hizi zinataka mtu akubali. Sikuweza kumkatalia. Nikaenda nyumbani kwa miguu yangu.

Jemima alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo, Léa amelala kwenye mkeka kando yake. Nikavuta kiti. Nikamwambia diski imefika, duka limefufuka, na nimeamua liwe lake, jina lake, na nyavu nitampa mimi, aanze maisha.

Aliendelea kuchambua, akauliza sababu. "Juu ya nini unanipa?"

"Si uko muke wa mudogo yangu?"

"Juu ya nini, yaya?"

Nilisema mambo ya familia. Nilisema mambo ya watoto. Aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine. Alisubiri, na safari hii nilichoka kabla yake. Nikamwambia. Chola alivyonipigia kelele, sekunde ishirini na mbili, maneno yote kama nilivyoyasema. Nilimwambia hata chai. Nilisema, "Ni mimi nilimurudisha, Jemima. Ni mimi."

Mikono yake ikasimama.

"Najua," akasema. "Nilisikia. Alikuwa amebeba Léa, mikono yake ilikuwa imejaa, ni mimi nilimufungulia simu, kwa haut-parleur, sauti yote inje. Ata Chadrack alisikia."

Jirani alikuwa akifua, nasikia maji.

"Nikamuambia, Raoul, apana. Akasema, 'Ni yaya.' Haukumuita jina, unaona? Ulimuita mudogo yangu. Mara mbili. Sasa angefanya aje?"

"Na siku walikuja kukupa pole ulisema haujue."

"Mbele ya bantu ningesema nini? Uko yaya yake. Ni wewe wa kusema." Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Mwezi muzima nakula ku meza yako, nangojea useme."

Nilipiga magoti. Nililia kwa sauti mbaya, ile isiyo ya kilio cha mkekani. Sikumwomba anisamehe, sikuwa na uso wa kuomba. Yeye hakuninyanyua wala hakunisukuma. Aliacha nimalize. Kisha akasogeza ungo pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu aje, sauti yake ikawa laini, sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo.

"Duka kaa nayo, yaya. Mimi sikungojea duka. Nilingojea useme ili nipate njia ya kukuomba. Simu yangu walibeba, sina kitu yake hata moja. Lakini wewe alikuongelesha kila asubuhi." Alimtazama Léa aliyelala. "Huyu anaanza kumusahau. Jana aliniuliza papa alikuwa anasema namna gani. Usitupatie ile ya ku mupaka kama ni nguvu, kama inakulemea. Utusikilizishe tu ya asubuhi. Moja. Ile ya 'duka imelamuka.'"

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikafungua jina la Raoul, nikamgeuzia kioo aone. Alikitazama kile cheupe muda mrefu, akakigusa kwa kidole, akakisukuma juu, akakisukuma chini.

"Ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote."

"Lakini kuko kopi mahali," akasema.

Nikamwambia hakuna kopi.